Nani Hujenga Ashramu? Watakatifu wa Arunachala na Urithi Wao

Mnamo Septemba 1, 1896, kijana wa miaka 16 aitwaye Venkataraman aliteremka kwenye garimoshi katika mji wa Tiruvannamalai, kusini mwa India, akaenda moja kwa moja hadi hekalu kuu. Alipotoka alinyolewa kichwa, akatupa bwawani fedha chache alizobakiwa nazo, akachana nguo yake na kubaki na kipande cha kujisitiri. Hakuuhama tena mji ule mpaka alipofariki Aprili 14, 1950, na wakati huo watu wa mataifa mengi walimjua kwa jina la Ramana Maharshi. Mahali alipozikwa leo pana ofisi, maktaba, duka la vitabu, zahanati, zizi la ng'ombe, nyumba za wageni na jiko linalopakua chakula kwa mamia ya watu kila siku. Aliyetupa senti zake za mwisho majini ameacha nyuma taasisi yenye ardhi, bajeti na rais.

Hayo hayakumfika yeye peke yake. Ukuta kwa ukuta na ashramu yake, yaani makao ya kiroho yaliyoota kumzunguka, ipo ashramu ya Seshadri Swamigal, ambaye kwa miaka 40 alizurura sokoni bila makao. Mwendo mfupi kutoka hapo lipo jumba kubwa la Yogi Ramsuratkumar, ombaomba aliyekuwa akilala kwenye baraza za maduka ya vyombo vya shaba. Kuuzunguka mlima mzima zimetapakaa ashramu nyingine nyingi, kubwa kwa ndogo, za kale na za juzi. Basi ilikuwaje mafukara waliokimbia mali wakazaa taasisi zenye mali? Jibu la haraka husema kwamba watakatifu walianzisha na wafuasi wakaharibu. Ukizifuatilia habari za mahali hapa utaona kwamba jibu hilo halitoshi. Watakatifu wenyewe hawakuanzisha kitu. Ashramu zilichipuka kutokana na mambo matatu yasiyo na utukufu mwingi, yaani jiko, kaburi na hati, na zimedumu kwa sababu zote zimeegemea mlima ambao hakuna hata moja inayoumiliki.

Mungu asiye na paa

Msomaji wa Afrika Mashariki ameuzoea zaidi Uhindu wa jamii zenye asili ya Gujarat na Kachchh, wenye mahekalu yao Mombasa, Nairobi, Dar es Salaam na Kampala. Uhindu wa Tiruvannamalai ni wa Watamili, na Mungu wao mkuu hapo ni Shiva. Masimulizi ya kale yanasema kwamba miungu Brahma na Vishnu walishindana nani mkubwa, ndipo Shiva akasimama kati yao akiwa nguzo ya moto isiyo na mwanzo wala mwisho. Vishnu akawa nguruwe mwitu, akachimba chini kulitafuta shina. Brahma akawa ndege, akapaa kuitafuta ncha. Vishnu alirudi na kukiri kwamba ameshindwa, lakini Brahma alidanganya kuwa ameiona. Nguzo ile, kwa imani ya waumini, ndiyo mlima Arunachala, wenye kimo cha mita zipatazo 800 kutoka usawa wa bahari. Katika orodha ya Watamili ya mahekalu matano ya Shiva yanayowakilisha ardhi, maji, moto, upepo na anga, la Tiruvannamalai ndilo la moto.

Imani hiyo ina matokeo ya kivitendo. Kwa kuwa mlima wenyewe ni Mungu, anayekuja kuhiji halazimiki kupanda kileleni. Huuzunguka kwa miguu mitupu, mwendo wa kilomita 14 hivi, akipita vijihekalu vinane vilivyowekwa kulingana na pande nane za dunia. Mzunguko huo hauna lango wala tiketi, na hauhitaji kuhani. Mwanafunzi, mjane, dereva wa lori na waziri hupita barabara ileile. Katika usiku wa mwezi mpevu hufika watu mamia ya maelfu. Katika sikukuu ya Karthigai Deepam, inayoangukia kati ya Novemba na Desemba, moto mkubwa wa samli huwashwa kileleni na umati huweza kupita watu milioni moja.

Chini ya mlima, upande wa mashariki, lipo hekalu la Arunachaleswara lenye eneo la takriban hekta 10. Mnara wa lango lake la mashariki una kimo cha mita 66, na ujenzi wake hutajwa pamoja na jina la mfalme Krishnadevaraya wa Vijayanagara, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 16. Hekalu hilo lina makuhani wa kurithi, ratiba ya ibada na hazina, na leo linasimamiwa na idara ya serikali ya jimbo la Tamil Nadu inayoshughulikia mahekalu ya Wahindu. Mtakatifu mpya hana nafasi katika mfumo huo, kwa kuwa kazi zote zimekwisha gawanywa. Mlimani hakuna aliyegawa kazi. Mwenye kutaka kukaa kimya alitafuta pango akaingia, na hakuna aliyemuuliza ana cheti gani.

Mapango kabla ya ashramu

Ndiyo maana orodha ya watakatifu wa mahali hapa ni ndefu. Washairi wa Shiva waliusifu mlima huu tangu karne ya saba. Katika karne ya 15 aliishi hapa Arunagirinathar, mtunzi mkubwa wa tenzi za Kitamili, ambaye wenyeji husimulia kwamba alijirusha kutoka mnarani kwa majuto ya maisha yake ya anasa, akadakwa na mungu Murugan. Baadaye alikuja Guhai Namasivaya kutoka upande wa Karnataka, akakaa pangoni. Virupaksha Devar aliacha jina lake na masalia yake katika pango jingine, juu kidogo ya mji. Mwanzoni mwa karne ya 19 Isanya Desikar aliishi upande wa kaskazini-mashariki, na hapo pakabaki nyumba ya watawa inayotunza kaburi lake.

Ukizitazama habari hizi kwa pamoja, utaratibu wake unajirudia. Mtu hufika peke yake. Huketi. Watu huanza kumletea chakula. Akifa huzikwa karibu na alipoketi, kisha mmoja wa waliokuwa wakimhudumia hubaki kulinda kaburi, na mlinzi huyo hurithiwa na mlinzi mwingine. Pasipokuwa na mlinzi, panabaki pango na jina tu.

Pango la Virupaksha linaonyesha jinsi mali inavyojipenyeza katika utaratibu huo. Ramana aliishi humo tangu mwaka 1899 hadi 1916. Pango hilo lilikuwa chini ya nyumba ya watawa iliyopo mjini, na wasimamizi wake walikuwa wakitoza ada ndogo wakati wa sikukuu, pale mahujaji walipofurika kumwona kijana aliyekaa kimya. Yeye hakubishana nao. Alitoka, akaenda kuketi kwingine, na umati ukamfuata. Pango likabaki tupu, na ada ikakosa wa kuilipa mpaka wasimamizi wakalegeza. Kisa hicho kinaeleza uchumi mzima wa mahali hapa: mwenye pango anaweza kudai haki ya mlango, lakini hawezi kumlazimisha mtakatifu akae ndani yake.

Watu watatu, njia tatu

Seshadri Swamigal alizaliwa mwaka 1870 katika familia ya Wabrahmani, tabaka la makuhani, akafika Tiruvannamalai mwaka 1889, akaishi hapo hadi Januari 1929. Hakuwa na pango wala chumba. Aliingia madukani, akatawanya bidhaa sakafuni au kuzitupa barabarani, na wenye maduka badala ya kumfukuza walishukuru, kwani waliamini kwamba siku hiyo biashara itachanganya. Ukimpa shuka jipya asubuhi, jioni ungeliona mwilini mwa mtu mwingine. Alikuwa miongoni mwa wa kwanza kumtambua Ramana, alipomkuta katika chumba cha chini ya hekalu akiliwa na wadudu huku watoto wakimpiga mawe. Alijaribu kuwazuia watoto wale. Wengi mjini waliwaita wawili hao mkubwa na mdogo wa nyumba moja.

Ramana alikuwa kinyume chake kwa tabia. Alikaa mahali pamoja kwa miaka mingi, kwanza hekaluni, kisha kwenye bustani na vijihekalu vya pembezoni, kisha mapangoni. Miaka ya mwanzo alikuwa kimya kabisa. Mwaka 1902 ofisa mmoja wa serikali, Sivaprakasam Pillai, alimletea maswali, naye akajibu kwa kuandika mchangani na kwenye kibao. Majibu hayo yalikuja kuwa kijitabu kinachohusu swali moja tu: mimi ni nani? Mwaka 1907 mwanazuoni wa Sanskriti, Ganapati Muni, ndiye aliyempa jina la Ramana Maharshi. Ramana hakuwapa watu nadhiri wala mantra, hakumteua mrithi wa kiroho, na alisema mara kwa mara kwamba guru wake, yaani mwalimu wake wa kiroho, ni mlima.

Yogi Ramsuratkumar alitoka mbali zaidi. Alizaliwa mwaka 1918 katika kijiji cha kando ya mto Ganges, kaskazini mwa India, akawa mwalimu wa shule, kisha akaanza kutafuta. Alimwona mwalimu wa kiroho Aurobindo huko Pondicherry na Ramana huko Tiruvannamalai, lakini aliyemteka hasa ni Swami Ramdas wa Kerala. Alifika Tiruvannamalai kukaa mwaka 1959. Mali yake ilikuwa kifuu cha nazi cha kuombea na upepeo wa majani, pamoja na magunia ya magazeti ya zamani aliyoyabeba pasipo kueleza sababu. Alivuta sigara hadharani. Alijiita ombaomba hadi mwisho. Alilala chini ya mti karibu na kituo cha reli na kwenye baraza za maduka, na baadhi ya watu walimdhihaki na hata kumpiga. Wafuasi walimpatia nyumba karibu na hekalu, na katika miaka ya 1990 ujenzi wa ashramu kubwa ukaanza akiwa bado hai. Alifariki Februari 20, 2001 na kuzikwa humo.

Hapa tunao watu watatu wenye mwenendo tofauti kabisa: mmoja mzururaji, mmoja mkaaji, mmoja ombaomba mwenye kicheko. Ilhali ukitazama ramani ya mji leo, mwisho wao ni mmoja. Hivyo tabia ya mtakatifu haitoshi kueleza ashramu. Tuwatazame waliomzunguka.

Jiko

Mwenye kukaa kimya hula. Kwa miaka mingi wenzake Ramana walishuka mjini kuomba, wakarudi na walichopata, kikachanganywa na kugawanywa sawa. Mjane mmoja, Echammal, aliyefiwa na mume na watoto, alipanda mlimani kila siku na chakula kwa zaidi ya miaka 30. Mabadiliko yalikuja mwaka 1916, Alagammal, mama yake Ramana, alipokuja kuishi naye. Hakuridhika kula chakula cha kuomba. Aliwasha moto akaanza kupika. Muda si mrefu kundi zima likahamia makao makubwa zaidi juu ya pango, yaitwayo Skandashram. Mdogo wake Ramana, Nagasundaram, naye alikuja, akavaa vazi la utawa na kuitwa Niranjanananda Swami.

Jiko likishawashwa haliwezi kukaa bila ghala. Ghala linataka mtu wa hesabu, na mtu wa hesabu anataka michango. Hapo ndipo taasisi ilipozaliwa, na mzazi wake alikuwa mama mpishi. Ramana mwenyewe hakulikimbia jiko hilo. Alipokuwa na nguvu aliamka usiku wa manane kukata mboga na kusaga viungo, na hakupenda kitu chochote kitupwe, hata maganda. Alikataa kupewa sahani bora kuliko ya wengine. Mpaka leo katika Sri Ramanasramam, yaani ashramu yake, masadhu (watawa wasio na mali) na maskini hulishwa kabla wageni wa ashramu hawajaitwa chumba cha kulia.

Jiko ndilo linaloamua ashramu ipi itadumu. Nchini India mahubiri yanapatikana kila kona. Sahani ya wali na mchuzi wa dengu isiyouliza jina wala dini ndiyo inayomrudisha hujaji, na kwa muda mrefu ndiyo iliyowafanya wenyeji wa vijijini, wasiosoma falsafa yoyote, wauheshimu uzio wa ashramu.

Kaburi

Wahindu wengi huchoma maiti. Mtawa au mtu anayeaminika kuwa amefikia ujuzi wa Mungu huzikwa. Mwili huketishwa shimoni kama mtu aliyekaa katika tafakuri, shimo hujazwa majivu matakatifu, kafuri na chumvi, na juu yake huwekwa lingamu, jiwe linalomwakilisha Shiva. Kutoka siku hiyo mahali hapo panahitaji maji, maua na taa kila siku. Aliyekufa amekuwa wajibu wa aliye hai.

Alagammal alifariki Mei 19, 1922. Mwanawe alikaa naye hadi pumzi ya mwisho na kueleza baadaye kwamba mama amekombolewa. Kwa hiyo alizikwa, na kwa kuwa desturi hairuhusu kuzika juu ya mlima mtakatifu, kaburi lilichimbwa chini, upande wa kusini. Ramana alikuwa akishuka kutoka Skandashram kulizuru, mpaka siku moja mwezi Desemba mwaka huohuo hakupanda tena. Kibanda cha makuti kando ya kaburi hilo ndicho kilichokuwa ashramu. Juu ya kaburi pakajengwa hekalu la mawe lililozinduliwa mwaka 1949, mwaka mmoja kabla ya kifo chake mwenyewe. Naye alizikwa ubavuni mwa hekalu la mama yake. Hata ng'ombe Lakshmi, aliyekuwa akiingia ukumbini kumwona Ramana, alizikwa ndani ya uzio alipokufa mwaka 1948, na kaburi lake lina sanamu yake.

Bila kaburi, wafuasi hutawanyika. Habari za Seshadri zinathibitisha hilo. Hakuacha mafundisho yaliyoandikwa wala kundi lililopangwa, bali kaburi alimozikwa kwa heshima, na Ramana mwenyewe alihudhuria mazishi. Kaburi hilo lilitosha kuwa mbegu ya ashramu iliyokuja miaka mingi baadaye.

Hati

Penye jiko na kaburi patakuja mgogoro, na huo ndio unaozaa karatasi. Mwaka 1924 wezi walivamia ashramu usiku wakidhani ina fedha, wakampiga Ramana mguuni. Hawakupata kitu cha maana. Uvamizi wa pili ulikuwa wa kisheria. Perumal Swami, aliyewahi kusimamia mambo ya kundi hilo katika siku za mlimani, alifungua kesi katika miaka ya 1930 akidai kwamba uongozi wa ashramu ni haki yake, wala si ya mdogo wake Ramana. Ramana alihojiwa kwa ajili ya kesi hiyo. Alipoulizwa yuko katika hatua ipi kati ya hatua nne za maisha ya Mhindu, alijibu kwamba yuko nje ya zote nne. Alipoulizwa juu ya ardhi na majengo, hakukana kwamba watu walitoa kwa ajili yake.

Hapo ndipo mtakatifu na sheria walipokutana uso kwa uso. Sheria inataka kujua mali ni ya nani. Mtakatifu anasema hana chake, na kila asemapo hivyo anawaachia mlango wazi wanaosema kuwa ni yao. Mwaka 1938 wasia uliandikwa kwa jina lake, ukiweka uongozi mikononi mwa Niranjanananda Swami na baada yake katika kizazi cha ukoo huo. Badala ya sahihi, Ramana alichora mstari. Wapo wafuasi waliochukizwa na utaratibu huo wa kurithishana, na wengine walikuwa wamekwisha kuondoka kwa kutoelewana na Niranjanananda aliyekuwa meneja. Lakini wasia uliizuia taasisi isigawanyike katika mahakama baada ya kifo chake, na mpaka leo marais wa Sri Ramanasramam wanatoka katika ukoo wa mdogo wake.

Kuna upande mwingine wa hati. Katika Tamil Nadu serikali huweka mkono wake juu ya mahekalu ya umma kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1959. Je, jengo la ibada juu ya kaburi la mtakatifu ni hekalu? Suala hilo lilipiganiwa hadi Mahakama Kuu ya Madras, na ashramu ya Ramana ikabaki nje ya usimamizi wa idara ya mahekalu. Ndiyo sababu katika mji mmoja kuna mifumo miwili ya fedha za sadaka. Hekalu hukaguliwa na serikali, ilhali ashramu ziko chini ya wadhamini wake. Uhuru huo umeziwezesha kulisha, kuchapisha vitabu na kujenga bila kusubiri kibali kwa kila jambo. Vilevile umefanya uaminifu wa kila ashramu utegemee mno watu wachache walioshika daftari.

Kitabu na wageni

Baada ya kifo cha Ramana, Sri Ramanasramam ilinyauka. Ukumbi uliojaa watu ukawa mtupu. Kilichoirudishia uhai ni maandishi. Mwaka 1934 mwandishi Mwingereza Paul Brunton alikuwa ametoa kitabu cha safari zake India kilichomfanya Ramana ajulikane Ulaya na Marekani. Mwandishi wa riwaya Somerset Maugham alipita mwaka 1938, na riwaya aliyoitoa mwaka 1944 ina mtakatifu anayefanana na aliyemwona huko. Askari mstaafu, Meja Chadwick, alihamia mwaka 1935 na hakuondoka hadi kifo chake. Mtawa Mkatoliki kutoka Ufaransa, Henri Le Saux, alikaa katika mapango ya mlima huo katika miaka ya 1950 akitafuta namna ya kuwa Mkristo na mtawa wa Kihindi kwa pamoja. Mwaka 1964 mfuasi wake Arthur Osborne alianzisha jarida la ashramu, na wageni wakaanza kurudi.

Kwa kuwa Ramana hakuteua mrithi wa kiroho, hakuna aliyeweza kumzuia mtu yeyote kujitangaza mrithi. Baadhi ya waliomfahamu walikaa jirani kimyakimya. Annamalai Swami, aliyesimamia ujenzi wa ashramu kwa miaka kumi, alitoka mwaka 1938 akaishi nje ya uzio hadi alipofariki 1995, na watu walimfuata huko mpaka naye akawa na ashramu yake ndogo. Wengine walifundisha mbali, Ulaya na Amerika Kaskazini, wakichapisha jina la Ramana kwenye matangazo ya semina zao. Na wapo waliovuna jina la mlima kwa namna nyingine. Nithyananda, mzaliwa wa Tiruvannamalai, alijenga himaya ya ashramu yenye tawi kando ya barabara ya mzunguko. Alishtakiwa kwa ubakaji, tuhuma alizozikana, na aliondoka India kesi ikiendelea. Mlima usiomuuliza mtu cheti humpokea kila mmoja. Wanaopaswa kuuliza ni mahujaji.

Waliokaa nje ya mstari

Uchambuzi wa haki hauwezi kuruka suala la tabaka na la wanawake. Katika chumba cha kulia cha Ramana palikuwa na kizuizi kilichowatenga Wabrahmani waliotaka kula peke yao. Ramana alikaa mahali alipoonekana na pande zote mbili, na mwenyewe hakufuata miiko hiyo. Lakini hakukiondoa kizuizi. Wapishi walikuwa Wabrahmani, wengi wao wajane, ili wenye masharti wapate kula bila wasiwasi. Wanawake hawakuruhusiwa kulala ndani ya ashramu. Jua lilipozama walitoka kwenda mjini.

Watetezi husema kwamba bila mpangilio huo ashramu ingesusiwa na watu wa wakati ule. Huenda ni kweli, lakini maelezo hayo yanathibitisha jambo lililo kubwa zaidi: taasisi hufuata desturi za wanaoichangia, hata pale mtakatifu wake amevuka desturi hizo. Echammal alimlisha kwa miongo mitatu, na mama yake ndiye aliyewasha jiko. Katika wasia uliopanga uongozi, mwanamke hakutajwa mahali pa kuongoza. Barabara ya mzunguko haikuwa na kizuizi. Aliyezuiwa hekaluni au jikoni hakuweza kuzuiwa kuuzunguka mlima.

Mzigo wa mlima

Tangu miaka ya 1990 mzunguko wa mwezi mpevu umekuwa jambo la jimbo zima. Mabasi ya ziada hutoka Chennai na miji mingine, hoteli zimeota kando ya barabara, na ardhi iliyokuwa mashamba ya karanga imegeuka viwanja. Ashramu nazo zimo katika mbio hizo, kwa kuwa mgeni anayekuja kwa miezi hununua au hupanga nyumba karibu nazo. Katika miaka ya 1980 mlima ulikuwa umekuwa kipara kwa kukatwa kuni na kuunguzwa na moto wa kiangazi. Juhudi za kupanda miti, za wenyeji, wageni na idara ya misitu, zimerudisha kijani katika sehemu kubwa. Wakati huohuo nyumba za wasio na uwezo zimepanda kwenye miteremko ya upande wa mji.

Desemba 1, 2024, baada ya mvua kubwa zilizoletwa na kimbunga Fengal, udongo na majabali yaliporomoka upande huo na kufunika nyumba chini yake. Watu saba walikufa, watano wao wakiwa watoto. Siku chache baadaye moto wa Karthigai Deepam uliwashwa kileleni kama kawaida, lakini serikali ilizuia umma usipande mlimani. Maafa hayo hayakusababishwa na ashramu yoyote. Yalitokana na mvua isiyo ya kawaida ikiangukia mji uliokua haraka kuliko mipango yake. Hata hivyo mji huo haukui kwa sababu ya viwanda. Unakua kwa sababu ya mlima na watakatifu wake, na ashramu ndizo zinazolitangaza jina hilo duniani kote.

Hapa ndipo udhaifu wa mpangilio mzima unapoonekana. Kila jiko lina msimamizi, kila kaburi lina mhudumu na kila hati ina wakili. Mlima wenyewe umegawanyika kati ya idara ya misitu, idara ya mahekalu, manispaa na polisi, na ashramu zinazouita guru hazina chombo kimoja kinachozibana zichangie vyoo, maji safi, uzoaji wa taka na usalama wa miteremko. Hisani zipo nyingi, lakini kila moja inafanyika ndani ya uzio wake.

Kwa hiyo malalamiko kwamba wafuasi walimsaliti mtakatifu kwa kujenga hayana uzito mkubwa. Bila wajenzi, Ramana angekuwa leo jina katika pango, na maskini wanaokula kila asubuhi wasingekula. Lawama halali ni nyingine. Wajenzi walijua kulinda walichopewa kwa hati, na hawajajifunza kulinda kwa pamoja kile ambacho hakina hati. Watakatifu wote watatu walikuja kwa ajili ya mlima. Ashramu itakayoweka sehemu ya sadaka zake katika mfuko wa pamoja wa kuutunza, ikakubali kukaguliwa hadharani juu ya fedha hizo, ndiyo itakayokuwa na haki ya kusema kwamba imeurithi urithi wao.